Neno Nililouambia Ukuta

Jambo lote lilinigharimu shilingi laki moja na arobaini na mbili elfu na mia tano. Nimehesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa vidole, mara ya pili kwa simu, maana vidole vyangu vina tabia ya kunionea huruma. Tisini na mbili elfu na mia tano ni raundi za gemu: raundi mia na themanini na tano, kila moja mia tano. Elfu kumi na tano ni malipo ya mwanzo ya fundi ambaye hakutokea. Elfu thelathini na tano ni mifuko miwili ya saruji pamoja na usafiri, niliyonunua baadaye bila kuombwa na mtu. Juu ya hapo kuna radhi ya baba mkubwa, ambayo mpaka leo sijui kama nimeipoteza au bado ninayo. Hiyo sijaiingiza. Kitu usichojua kama umekiuza huwezi kukipigia jumla.

Mie nauza mapazia ya mtumba, Temeke. Ni kazi ya mdomo. Mteja anataja elfu tano, unacheka. Unataja ishirini, anacheka yeye. Mnachekana hivyo mpaka kumi na moja, kila mmoja anaondoka akiamini amemwibia mwenzake. Nimeifanya miaka kumi na tisa, na naweza kusema bila kujisifu kwamba hakuna bei niliyotajiwa nikaipokea ilivyo. Hata sadaka huwa naiwaza mara mbili.

Mdomo huo ulilelewa na baba mkubwa. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, na kaka yake akanichukua bila kikao. Yeye ni mchonga vinyago. Alikuja kutoka Newala akiwa kijana, na patasi tatu zilizofungwa kwenye kitambaa, akajenga nyumba kando ya barabara ya kuelekea Chamazi, enzi ambazo barabara yenyewe ilikuwa mchanga na mbuzi walikuwa na haki kuliko magari. Baadaye akaongeza vyumba viwili mbele, na baraza la kuchongea. Mlango wa mbele aliuchonga mwenyewe, pamoja na fremu yake, watu wamebebana kuanzia chini mpaka juu, bibi amembeba mama, mama amembeba mtoto. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nawahesabu kila nikitoka shule. Walikuwa ishirini na mmoja. Siku nyingine walikuwa ishirini na wawili, nikamuuliza, akasema, "Mmoja huwa anatoka kwenda dukani."

Mtu wa namna hiyo ukimlaza na neno baya, asiyelala ni wewe.

Sasa gemu. Nyuma ya meza yangu kuna duka la nafaka la mzee mmoja wa Kiarabu, ambaye ukoo wao umeuza mchele pale tangu kwa babu yake. Alipoona watu wameanza kununua mchele robo robo, akayatoa magunia stoo, akaweka televisheni mbili na mashine za gemu. Jua la saa nane likawa linaingia dirishani na kupiga kwenye skrini, vijana wanacheza mpira hawauoni. Nikamfuata na pazia zito la kijani, la hoteli huko lilikotoka.

"Ishirini na tano," nikamwambia.

"Binti, mie nimekuuliza bei ya pazia, sijauliza ya dirisha."

Tukavutana mpaka Adhuhuri. Tukaishia elfu kumi, na raundi nne za bure juu yake. Nikaondoka nikijiona mjanja. Zile raundi nne za bure ndizo ghali kuliko zote nilizowahi kucheza.

Sikutaka mpira. Nikaonyeshwa gemu la magari, ambalo jina lake limeandikwa kwa Kizungu na hakuna aliyejisumbua nalo. Sie tuliliita Bomoabomoa. Ni mashindano, mnakimbizana mjini, lakini mji wenyewe unavunjika. Ukuta ukiugonga unapasuka, unatokea upande wa pili na vumbi lako. Vibanda, mabango, nguzo za umeme, vyote vinaruka. Kuna mstari chini ya skrini unajaa kadiri unavyoendesha kwa hatari, na ukijaa unabonyeza kitufe kimoja kwenye padi ya mkononi, basi daraja zima linawaangukia wanaokufuata. Au kituo cha mafuta kinalipuka. Au jengo la ghorofa ishirini linaanza kuinama polepole, polepole, kama mtu aliyesinzia kwenye mkeka, halafu linalala barabarani na wewe umeshapita.

Hapo stoo nzima inapiga kelele: "Lalaaa!"

Neno lile alilianzisha dereva mmoja wa bodaboda, mpinzani wangu mkubwa. Kijana wa watu, barabarani kweli anapita kulia, kushoto na juu ya mitaro, lakini kwenye gemu alikuwa anaendesha kama amebeba mayai. Siku moja akabahatisha kuangusha mnara mbele yangu, akaruka kwenye benchi akauambia mnara, "Lala! Lala hapo, umechoka!" Toka siku hiyo kikianguka kitu, kikubwa au kidogo, tulikuwa tunakilaza. Mwenye duka mwenyewe, mtu mzima na kofia yake, alikuwaga akisikia kishindo anasema "lala" huku akipima maharage.

Nikueleze utamu wake, usije ukaniona mtoto. Mtu anayefanya biashara sokoni anaishi kwa kujikunja. Usikanyage nyanya za mwenzio. Usiguse gari la mtu na gunia lako. Usiegemee ukuta, umepakwa rangi jana. Kila kitu mjini kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana neno moja mdomoni: utalipa. Mie nimelisikia hilo neno kuliko jina langu. Halafu unakaa kwenye benchi, mia tano tu, unaendesha gari jekundu katikati ya soko la watu, matunda yanaruka, vioo vinamwagika, unapasua ukuta wa benki, na hakuna anayekuambia utalipa. Mikono inatoka jasho. Moyo unakwenda. Raundi ikianza upya soko limejipanga, ukuta umesimama, hata bango limerudishiwa taa. Nilikuwa natoka pale nimenyooka mgongo. Asubuhi raundi mbili, alasiri mbili. Siku mbaya ya biashara, tano.

Kisha nyumba ya baba mkubwa ikawekewa X nyekundu ya kubomolewa.

Barabara inapanuliwa, mpimaji amekuja na kamba yake, na vyumba viwili vya mbele pamoja na baraza vikaonekana viko ndani ya eneo la barabara. Nyuma hapaguswi. Nilikwenda nikijiandaa kubishana, nikakuta hakuna wa kubishana naye. Rangi nyekundu haipunguzi bei. Baba mkubwa mwenyewe alikuwa ametulia kuliko mie. Bati zikaezuliwa, vyombo vikahamia nyuma. Kilichobaki ni ule mlango, na hapo akagoma.

"Shikamoo baba. Mlango tuung'oe leo, wale watu hawana saa."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba isiyo na mlango ni gofu. Niache niufunge na kuufungua mpaka siku yenyewe. Siku yenyewe ndiyo uniletee fundi, aukate na fremu yake bila kuupasua. Mimi mkono huu," akauinua wa kulia, ukawa unatetemeka kidogo, "huu sasa unachonga hewa."

Hiyo ndiyo kazi aliyonipa. Katika miaka yote ile aliyonilisha na kunisomesha, sikumbuki ameniomba jambo lingine ukiacha kumnunulia magogo ya mpingo, kwa sababu wauza mpingo walikuwa wananiogopa.

Gari la matangazo likapita kusema ubomoaji ni Alhamisi. Majirani wakaambiwa kijiko, ile mashine ya kubomolea, kitafika upande wetu saa sita mchana. Fundi niliyempata alitaka elfu sitini. Nikacheka. Yeye hakucheka, na hapo nilipaswa kujua. Nilimshika tangu sokoni mpaka kituoni, nikamteremsha mpaka thelathini na tano, nikampa kumi na tano mkononi. Akasema, "Sista, kwa bei hiyo nitaanza kwanza kazi yangu ya Mikocheni, nikimaliza ndiyo nikufuate hapa, saa tano twende." Saa tano kwa saa sita. Nikaona nafasi ya saa nzima, na elfu ishirini na tano nimeokoa. Nilijipongeza. Nilinunua soda.

Alhamisi saa nne nilikuwa mezani. Saa nne na nusu nikampigia fundi. "Nipo njiani, sista." Nyuma ya sauti yake nikasikia msumeno. Mtu aliye njiani haendi na msumeno unalia, hilo nililielewa palepale, lakini nikaona nimpe muda, maana nikimgombeza ataongeza bei. Ili nisikae na wasiwasi, nikaingia stoo. Raundi moja tu.

Yule wa bodaboda alikuwepo. "Dada wa mapazia! Leo nakufungia dirisha."

"Kalipie kwanza ile uliyofungwa jana."

Nilicheza vizuri kuliko siku zote. Niliangusha daraja, nikaangusha mnara wa uwanja wa ndege, nikapita katikati ya vumbi lake gari halina hata mkwaruzo. Watu walisimama nyuma ya benchi. Simu ilikuwa kwenye pochi, pochi chini ya benchi, na kelele za "Lalaaa!" zilikuwa zinatikisa bati. Nilipoitoa ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Baba mkubwa alikuwa amepiga mara tatu. Fundi hakupatikana.

"Nipeleke Chamazi," nikamwambia wa bodaboda. Nadhani aliona uso wangu, hata bei hakutaja.

Kijiko kilikuwa kimewahi. Nyumba mbili za mwanzo zilikuwa na fremu tupu za maduka, zilichukua dakika chache tu. Majirani walikuwa wamejaribu kuung'oa mlango kwa mtaimbo, wakaacha walipoona mbao inaanza kuchanika. Baba mkubwa alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, kanzu nyeupe, mikono nyuma. Hakuniuliza fundi yuko wapi. Aliangalia nyuma yangu mara moja, akamwona dereva wa bodaboda, akaona hana msumeno, akageuka tena kutazama nyumba.

Nilisimama hatua nne nyuma yake. Nimerudi kuzipima baadaye: nne.

Mwendesha kijiko hakuwa mtu mbaya. Alizima, akashuka, akasema, "Mzee, kuna kitu chochote bado?" Baba mkubwa akasema hakuna. Akawasha. Mkono wa kijiko ukainuka, ukagusa juu ya ukuta wa mbele kama unaupapasa, ukasukuma. Ukuta haukuvunjika. Uliinama wote mzima, na mlango wake ndani yake, polepole, polepole, namna ileile. Ukasimama kidogo kwenye mshazari ambao macho yangu yanaujua.

Na mie nikasema, "Lala!"

Sikusema kwa chuki, wala kwa furaha. Ulimi ulisema wenyewe, kama mtu aliyepiga chafya. Dole gumba langu la kulia lilikuwa limebonyeza hewa. Ukuta ukalala. Vumbi likapanda, likatufunika wote, na lilipokuwa linatua nikamwona baba mkubwa amegeuza shingo ananitazama. Alinitazama kiasi cha pumzi mbili. Kisha akarudisha uso mbele.

"Sista!" yule wa bodaboda alininong'oneza. Yeye mwenye neno lake hakulisema.

Ingekuwa neno limesemwa na mtani, pasingekuwa na hadithi. Kuna mama jirani ambaye ni mtani wa baba mkubwa, na alifika muda si mrefu na kapu lake, akapita juu ya kifusi kama anakagua kiwanja, akapaza sauti:

"Mzee, hongera! Baraza lako sasa lina lami! Na taa wanakuwekea! Wengine tunalipia umeme!"

Watu wakacheka. Baba mkubwa akacheka mpaka akashika kiuno. Mama yule akamdai elfu mbili ya kuja kumsikitikia, akapewa, maana ndivyo ilivyo, mtani anakukanyaga kwenye kidonda na wewe unamlipa. Angesema "lala" yeye, angepewa elfu tatu. Lakini mie si mtani wake. Mie ni mtoto wake. Mtoto haulazi ukuta wa baba yake, akiwa hatua nne nyuma yake, tena akiwa amechelewa kufika.

Nilimfuata jioni ile pale nyuma, kwenye vyumba vilivyobaki. Nikaanza, "Baba, kuhusu leo..."

"Hamna neno, mwanangu."

"Fundi alinidanganya, na mie nikachelewa."

"Hamna neno. Mlango ni mti. Miti ipo."

Nilikuwa nimeomba msamaha wa kuchelewa, na nimepewa. Lile lingine sikulitaja. Juma lililofuata nikampelekea saruji, akanishukuru, akasema hamna neno. Kila nikienda ni hamna neno. Kwa mtu wa kawaida ningesema amesamehe. Lakini nimekaa na wateja miaka kumi na tisa, na namjua anayekuambia "sawa tu" huku ameshaamua kwamba kesho atanunua meza ya pili.

Basi nikaanza kupima kama alisikia. Kwamba hakusikia: kijiko kilikuwa kinanguruma, ukuta unadondoka, na sikio lake la kushoto ni zito tangu zamani. Kwamba alisikia: aligeuka. Kwamba hakusikia: labda aligeuka kukwepa vumbi. Kwamba alisikia: vumbi lilikuja baadaye. Nikamuuliza wa bodaboda.

"Na kelele ile, sista? Mie nilisikia kwa kuwa tulikuwa bega kwa bega."

Wiki iliyofuata nikamuuliza tena, kwa sababu sijawahi kuchukua jibu la kwanza la mtu yeyote.

"Labda alisikia," akasema.

Gemu nilirudi mara moja. Nilikaa, nikaendesha, ghorofa likaanza kuinama, watu nyuma yangu wakavuta pumzi. Nikauma midomo. Wenzangu walililaza bila mie. Nikaiweka padi chini kabla raundi haijaisha, na mwenye duka akataka kunirudishia mia tano yangu. Nilikataa. Aliniangalia kama mtu aliyeona kuku anaogelea.

Kilichonimaliza ni mwezi uliopita. Nimekwenda, nimemkuta anachonga tena, kwa shida, chini ya turubai pale palipokuwa na chumba cha kwanza. Gogo la mpingo jipya. Nikamuuliza limetoka wapi, nani amemnunulia. Akasema alikwenda mwenyewe. Nikamuuliza bei. Akaitaja. Nilikaa chini. Ilikuwa bei ya kutajiwa mgeni, bei ambayo muuzaji anaitaja huku anaona aibu.

"Baba, si ungeniambia? Wale wananijua."

"Nilisema nisikusumbue. Una kazi zako."

Una kazi zako. Nimelirudia hilo mara nyingi kuliko hesabu yoyote. Kuna namna ya kulisema ambayo ni upendo mtupu, mzee anaona binti yake anahangaika na mapazia. Na kuna namna nyingine. Na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, patasi inatafuta pa kuingilia.

Nimewaza kumtuma yule mama mtani. Mtani anaweza kulipeleka neno zito kama mzaha, wakacheka, likaisha. Lakini akilijua yeye, litakuwa mali ya mtaa mzima, na nitaitwa Lala mpaka nazikwa. Nimewaza kwenda mwenyewe, nipige magoti, niseme: siku ile ukuta ulipoanguka nilisema hivi na hivi, na sababu yake ni hii, gemu, mia tano. Hapo ndipo ninaposhindwa. Kama alisikia, kila siku ninayokaa kimya naongeza kosa juu ya kosa, na mzee ana miaka sabini na saba, na radhi haifuatwi kaburini. Lakini kama hakusikia, basi neno lile alikuwa hana, na mie nitakuwa nimembebea mpaka mlangoni, nikamkabidhi, eti ili mie nipate kulala. Hiyo itakuwa biashara gani? Nipunguze mzigo wangu kwa kumtwisha yeye?

Sijawahi kuomba ushauri bila kuulizia bei yake, na safari hii sina cha kupunguza. Wewe uliyewahi kumkosea mzazi usijue kama alijua, ulifanyaje? Ulisema, au ulinyamaza ukamhudumia mpaka mwisho wake? Na kama ulisema, ulianza na neno gani? Jumapili nakwenda kumsaidia kufunga turubai upya. Tutakuwa wawili tu. Naomba uniambie kabla ya hapo.